Hotuba ya Kufungua Mlango wa Kituo cha Mtihani wa Kusema

(Imetolewa katika uwanja wa kufungia nondo, jengo namba saba, Wilaya ya Ruiwan, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, kuanzia saa tatu asubuhi. Kabla wageni hawajafika, Msimamizi Pang alitupanga sisi wafanyakazi kwa mistari akatupa agizo moja tu: mheshimiwa akiinua kikombe chake cha chai, tupige makofi.)

Ndugu Katibu wa Tawi la Mtaa; Ndugu Makamu wa Katibu wa Tawi la Mtaa; Ndugu Mwakilishi wa Makamu, ambaye amenipigia simu asubuhi hii kunijulisha kwamba hatafika lakini ahesabiwe kuwa amefika; Mwalimu Mkuu Yan wa Shule ya Msingi ya Ruiwan Namba Mbili, ambaye bila saini yake hati ya makabidhiano ya kituo hiki isingekamilika; Ndugu Meneja wa Ujenzi; Ndugu Msimamizi Pang; ndugu wapiga picha, yaani ndugu mpiga picha; ndugu wafunga nondo, wapiga plasta, wabeba zege na akina mama wa jikoni; na, kwa kuwa itifaki inataka watajwe mwishoni, watoto wetu ishirini wa wafanyakazi kutoka mikoa ya mbali, ambao naona mmenyolewa na kuoshwa kwa kiwango cha kuridhisha:

Mimi ni Qu Zhenbang, Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Ofisi ya Uratibu wa Tathmini ya Umahiri wa Kusema Kichina Sanifu, Kitengo cha Watoto, Dawati la Wahamiaji. Najua mnanifahamu. (Hatumfahamu. Ameinua kikombe. Makofi.)

Asanteni. Ndugu zangu, nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao mwaka jana ulinipatia cheti cha mtumishi mnyenyekevu wa ngazi ya wilaya, nafasi ya pili, ili kwa niaba ya wadau wote niwaeleze dira, dhima, mkakati, mchakato na mafanikio ya Kituo cha Mtihani wa Kusema kwa Watoto wa Wafanyakazi, mradi ambao mimi binafsi niliubuni nikiwa kwenye basi la ofisi, nikauandika nikiwa kwenye basi hilohilo, na ambao kabla basi halijafika ulikuwa umeshapata namba ya jalada.

Kwa wale wenye elimu ndogo, ambao naambiwa ni wengi hapa, nitaeleza kwa lugha nyepesi. Mtoto wa mgeni akitaka kuendelea na masomo katika mji huu lazima afaulu mtihani wa kusema. Anawekewa vifaa vya kusikilizia masikioni, anakaa mbele ya mashine, anaisomea maneno, anaisomea aya, kisha mashine inampa mada, naye anaizungumzia kwa dakika tatu bila kunyamaza. Alama ni mia moja. Thelathini ni za sauti safi. Thelathini ni za kupandisha na kushusha sauti pale Kichina sanifu kinapotaka ipande na ishuke, si pale bibi yake wa mkoa wa mbali wa Guizhou anapoipandisha. Ishirini ni za mpangilio. Na ishirini ni za kutonyamaza. Mwenye alama sitini anabaki shuleni. Mwenye hamsini na tisa na nusu hatumfukuzi, tunamrejesha karibu na mizizi yake, kwa bibi yake kijijini.

(Shangazi Lou, anayetupikia, amesema kwa sauti: "Bibi yake ndiye mimi, niko hapa na mwiko mkononi. Huko kijijini anarejeshwa kwa nani, kwa kuku?" Watu wamecheka. Msimamizi Pang amemtazama. Shangazi Lou naye amemtazama, na kwa kuwa yeye ndiye anayegawa nyama, Pang ameangalia pembeni.)

Swali zuri, nalo litajibiwa katika ripoti ya robo ya nne. Naendelea.

Ofisi yangu, katika ufuatiliaji wake wa kina, ilibaini kwamba watoto wenu wanafeli. Wanafeli kwa asilimia sitini na tatu nukta nne. Wengine wangekata tamaa, lakini mimi nilijiuliza: kwa nini? Nikaunda kamati. Kamati ikaunda kikosi kazi. Kikosi kazi kikala chakula cha mchana mara kumi na moja, kikaja na jibu kwamba watoto hawa wanafeli kwa sababu wananyamaza. Nitatoa mfano hai. Mwezi wa nne, katika mtihani wa shule, kuna mtoto wa miaka kumi aitwaye Tan Xiuhe, binti wa mfunga nondo Tan Dakui. Yuko wapi ndugu Tan Dakui?

(Tan yuko mstari wa pili, amekaa juu ya mfuko wa saruji. "Nipo, mkuu.")

Usisimame, ndugu Tan. (Hakuwa amesimama.) Binti huyu alisoma maneno vizuri, akasoma aya vizuri. Mashine ikampa mada: "Siku ya Mapumziko ya Baba Yangu." Mada nyepesi, ndugu zangu, iliyotungwa na jopo la wataalamu saba, wote wakiwa ni baba, wote wakiwa na mapumziko. Mtoto akasema, "Baba yangu," kisha akanyamaza. Akanyamaza kwa dakika mbili na sekunde hamsini na tano. Fundi wetu alidhani mashine imeharibika, akaifungua kwa bisibisi, akakuta iko salama kabisa, imerekodi pumzi tu. Alama arobaini na moja. Nimeisikiliza pumzi hiyo mwenyewe ofisini, na nasema kwa masikitiko kwamba haikuwa na mpangilio wowote.

(Ameinua kikombe. Makofi. Tan hakupiga. Binti yake yupo upande wa watoto, amevaa shati jeupe la shule hiyo ambayo bado haijulikani kama ni yake.)

Ndipo wazo la kituo likazaliwa. Nikasema hapana, haiwezekani mtoto wa mfanyakazi apimwe mara moja tu, lazima apate fursa ya pili, karibu na alipo baba yake, katika mazingira rafiki, tulivu na ya kisasa. Leo hii, ndugu zangu, nyuma ya mlango huu mnaouona, kuna vyumba viwili visivyopitisha kelele, mashine ishirini za kizazi cha tano, viti ishirini vya rangi ya samawati vyenye uwezo wa kuzunguka, mapazia, kiyoyozi, na bomba la maji ya moto kwa ajili ya chai ya msimamizi wa mtihani. Tangu mwezi wa sita kituo hiki kimehudumia watoto elfu nne mia tatu na kumi na wawili, wakiwemo ishirini wa jengo hili, na kiwango cha kuridhika kimefikia asilimia tisini na nane nukta saba. Waliobaki ni wale walionyamaza, na ukimya wao, kwa mujibu wa mwongozo, tumeuhesabu kuwa ni kuridhika kwa ndani.

(Mlango wenyewe ni wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, una kitasa cha shaba kinachong'aa, na umefungwa utepe mwekundu wenye ua katikati. Umesimama kwenye fremu yake, kando ya kontena la vifaa, pana bango refu kila upande. Tumeukuta asubuhi. Jana tuliposhuka kazini hapakuwa na mlango.)

(Mpiga plasta Shu amepaza sauti: "Mkuu, si ufungue tu watoto waingie? Wamekunywa mayai mabichi tangu alfajiri ili sauti ziwe safi!")

Ndugu yangu, nafurahia hamasa yako, lakini mambo yana awamu. Awamu ya kwanza ilikuwa kuandika ripoti ya kukamilika. Tumeitekeleza kwa asilimia mia moja. Awamu ya pili ni kukata utepe, ndiyo ya leo. Kufungua mlango ni awamu ya tatu, na siwezi kuifanya awamu ya tatu ndani ya awamu ya pili, maana mkaguzi akija atakuta awamu moja imepotea.

(Sasa Tan amesimama. Si msemaji, na watu wa kikosi chake wameshangaa. Amesema: "Mkuu, samahani. Mimi sijasoma. Kesho ndiyo mwisho wa kupeleka vyeti shuleni. Tuliambiwa leo saa nne mtoto atapimwa tena hapa. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Sasa mwanangu atapimwa lini?")

Atapimwa, ndugu Tan. Nakuhakikishia kwa mamlaka niliyopewa kwamba atapimwa mara tu awamu ya tatu itakapoidhinishwa, ambayo ni mwaka ujao wa fedha, isipokuwa itokee awamu ya pili "b". (Ameinua kikombe. Tumesahau kupiga makofi. Pang amekohoa. Watu wachache wamepiga.)

(Hapo mpiga picha amemsogelea mheshimiwa sikioni. Kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo tumesikia wote: "Mkuu, picha ninazo za utepe na zako. Ya mtoto akizungumza sina. Gazeti haliwezi kuandika mtihani wa kusema bila mtoto hata mmoja aliyefungua mdomo.")

Ndugu zangu, nimepata ushauri wa kitaalamu. Kwa kuwa kituo hiki ni cha kisasa, huduma zake haziwezi kufungwa ndani ya kuta. Kwa hiyo natangaza kwamba tutafanya kielelezo cha mtihani hapahapa nje, kwa vigezo vilevile, kwa saa hii ya mkononi, na karatasi rasmi ya alama ninayo kwenye mkoba, na muhuri ninao, sitembei bila muhuri. Na ili mabadiliko yaonekane kwa macho, aje yuleyule aliyenyamaza. Tan Xiuhe, njoo mwanangu, shika kipaza sauti. Usikibane hivyo, si kuku huyo. Mada ni ileile. Una dakika tatu. Mpiga picha yuko tayari? Haya, anza.

(Mtoto amekishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Amemtazama baba yake. Baba yake alikuwa amesharudi kukaa kwenye mfuko wa saruji. Ameanza. Tunaandika kama alivyosema.)

"Jina langu Tan Xiuhe. Mada yangu ni siku ya mapumziko ya baba yangu. Mwezi wa nne sikujibu kwa sababu nilikuwa bado naitafuta. Nilirudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Wakati wa mvua nikadhani nimeipata, lakini mvua ikinyesha baba anafunga nondo za ghorofa ya chini. Nikarudi mpaka Mwaka Mpya. Mwaka Mpya tulikuwa kwenye treni, baba amesimama saa ishirini na sita, kwa sababu tiketi ya kukaa ilikuwa moja akanipa mimi. Mashine ikasema muda umekwisha. Ningepewa muda kidogo ningerudi mpaka nilipokuwa mdogo.

"Leo ninayo. Siku ya mapumziko ya baba yangu ni leo. Asubuhi baba ameosha shingo mara mbili. Ametia maji kwenye nywele. Amekula mkate wa mvuke na pilipili ya kutoka kwetu akiwa amekaa, hakutembea nao. Halafu amekuja hapa akaambiwa asikilize, akakaa kwenye mfuko wa saruji. Mpaka sasa amekaa saa moja na dakika kumi. Amevua kofia ya chuma akaiweka magotini. Nimemwona amefumba macho kidogo pale mkurugenzi aliposema asilimia.

"Baba ameutazama sana ule mlango. Baba anafunga nondo, kwa hiyo anajua kitu kilichosimama na kitu kilichoegeshwa. Mlango umeegeshwa. Nimezunguka nyuma nilipokwenda kukojoa. Hakuna vyumba. Kuna mbao mbili zinaushikilia, kuna lundo la mchanga, na mbwa wa jikoni amelala kwenye mchanga. Viti vya samawati sikuviona. Lakini mbwa naye anapumzika, kwa hiyo hapa leo wote wanapumzika.

"Hotuba ikiisha baba atapanda ghorofa ya kumi na nne. Nitamwona usiku akiwa amelala. Ndiyo maana sichukii hotuba kuwa ndefu. Wengine wanasema mkurugenzi anaongea sana. Mimi naona anaongea vizuri, kwa sababu akiongea baba anakaa. Namwomba mkurugenzi asimalize haraka. Hiyo ndiyo siku ya mapumziko ya baba yangu. Asante kwa kunisikiliza."

(Tan ameivaa kofia yake ya chuma, akaivuta chini mpaka machoni. Shangazi Lou ameanza kupiga makofi kwa mwiko kwenye sufuria, kisha wote tumepiga. Hakuna aliyekuwa ameinua kikombe.)

Dakika tatu na sekunde kumi na moja! Ndugu zangu, mmesikia kwa masikio yenu. Mtoto aliyenyamaza mwezi wa nne, leo, baada ya kupitia kituo hiki, amezungumza bila kusita, na kwa hiari yake mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, ameomba hotuba yangu iendelee. Katika miaka kumi na tisa ya utumishi sijawahi kupata ombi hilo. (Mheshimiwa ametoa leso.)

Sasa natoa alama hadharani, kwa uwazi. Sauti, ishirini na nane. Kupanda na kushuka kwa sauti, ishirini na tatu, maana Guizhou bado inachungulia. Mpangilio, kumi na tisa: ameanza na jana akamaliza na leo. Kutonyamaza, ishirini. Jumla, tisini. Kuhusu yale aliyoyasema juu ya upande wa nyuma wa mlango, nimeitazama karatasi ya vigezo juu mpaka chini, nyuma na mbele, kutafuta pa kukata alama kwa ajili hiyo. Hapapo. Jopo halikuweka sehemu ya kama jambo lipo au halipo. Mtihani huu unapima kusema. Cheti kinapigwa muhuri. (Muhuri umepigwa juu ya mgongo wa mpiga picha, kwa kukosekana kwa meza tambarare.)

(Shu amepaza sauti tena: "Mkuu, cheti cha kituo kisichokuwepo, shule itakikubali?")

Nakushukuru kwa kuuliza kwa sauti, maana Mwalimu Mkuu Yan yuko hapa. Mwalimu Mkuu Yan alisaini mwezi wa sita kwamba amekagua kituo, akahesabu viti na kuvizungusha. Atakayekikataa cheti hiki atakuwa anasema kituo hakipo, jambo ambalo Mwalimu Mkuu Yan hawezi kulisema. Sivyo, Mwalimu Mkuu?

(Mwalimu Mkuu Yan amesema, "Viti vizuri sana vile." Amekuwa mwekundu kama utepe.)

(Shangazi Lou ameshamsukuma mjukuu wake mpaka mbele. "Na huyu je? Na hao wengine kumi na wanane? Ripoti yako si inasema walipimwa ishirini? Mbona mmoja? Mkaguzi akija akahesabu, utamwambia nini, baba?" Mheshimiwa ameitazama ripoti. Ametazama saa. Msimamizi Pang amesema: "Shangazi, zege litakauka." Shangazi Lou amemjibu: "Likauke. Na leo mchana nagawa mimi.")

Ndugu zangu, baada ya mashauriano mapana na wadau, naridhia. Ripoti ilisema ishirini, na ripoti haipaswi kuaibishwa. Watoto wote watapimwa, kwa dakika tatu kila mmoja, jumla ni saa moja kasoro dakika tatu, na wazazi wote mnatakiwa kukaa mlipo, kwa sababu kanuni inataka utulivu katika eneo la mtihani. Mada ni hiyohiyo. Nyingine nilizisahau ofisini.

(Watu wa kikosi cha zege wamevua glavu. Wamekaa.)

Nakaribia kuhitimisha, lakini kwa kuzingatia ombi rasmi la mtoto, nitahitimisha polepole. Rudieni baada yangu. Sauti safi! (Sauti safi.) Wilaya safi! (Wilaya safi.) Mtoto asinyamaze! (Asinyamaze! Baba akae!) Samahani, hiyo haimo kwenye karatasi, nani amesema hiyo? (Tumesema wote. "Baba akae!")

Na sasa shukrani. Namshukuru fundi seremala Ji kwa kutuazima mlango wa nyumbani kwake, na naomba vijana wanne wenye nguvu waupakie kwenye gari kabla ya saa saba, maana saa nane unafunguliwa tena kwenye ujenzi wa daraja, na jioni mke wake anauhitaji. Naishukuru kampuni ya mashine kwa kutupatia picha ya mashine. Nawashukuru wote mliokitumia kituo hiki tangu mwezi wa sita, mkakitunza vizuri kiasi kwamba hakuna hata alama ya kidole ndani yake. Namshukuru mwenye mchanga kwa eneo. Namshukuru mbwa. Kituo hiki ni chenu, kilindeni, msiruhusu mtu kukiiba. Asanteni sana.

(Mjukuu wa Shangazi Lou ameshika kipaza sauti. "Jina langu Lou Jiming. Siku ya mapumziko ya baba yangu ni leo." Mheshimiwa ameangalia saa yake ya mkononi, akaanza kuhesabu. Kikombe cha chai kiko chini karibu na mguu wake, kimefunikwa. Tan amelala akiwa amekaa wima kwenye mfuko wa saruji, na binti yake amesimama mbele yake na kile cheti, anamkinga jua.)